Usilidharau Somo la Kupokea Simu



Swali la safari hii limetoka kwa msichana aliyemaliza kidato cha nne. Nalifupisha: "Dada, matokeo yangu hayakunifikisha kidato cha tano. Shangazi anataka nikasome VETA, uhazili na kompyuta, nianzie ngazi ya kwanza. Nimeulizia wanachofundisha, nikaambiwa mbali na kuchapa kuna mawasiliano, hesabu za kawaida, stadi za maisha na huduma kwa mteja. Wenzangu wanasoma mambo makubwa, mimi nikae mwaka mzima najifunza kupokea simu? Cheti hicho kitanisaidia nini?"

Kitakusaidia, mdogo wangu. Tena hilo la kupokea simu ndilo nataka ulisome kwa bidii kuliko mengine yote. Nimekaa sana upande wa wanaouliza maswali kwenye usaili, na nitawaambia kinachowaangusha watu pale. Wengi hawaangushwi na fani waliyosomea. Wanaangushwa na yale masomo ambayo darasani walikuwa wanayasinzia.

Kwanza, ujue unaomba cheti gani

VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi tatu, na watu wamezoea kuviita NVA: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa kozi ndefu, kila ngazi huchukua takribani mwaka mmoja. Ngazi ya kwanza ni ya anayeanza: anayeweza kufanya kazi za msingi za fani yake akiwa chini ya uangalizi wa mtu mwenye uzoefu. Ya tatu ni ya fundi anayeweza kusimama mwenyewe.

Hapa baba zetu huchanganyikiwa, maana zamani kulikuwa na majaribio ya ufundi yenye madaraja, na yalihesabiwa kinyume. Daraja la tatu lilikuwa la chini, daraja la kwanza ndilo la juu. Siku hizi ngazi ya kwanza ndiyo ya chini. Kwa hiyo baba akisema "mwanangu ana ngazi ya kwanza, huyo fundi mkubwa," mwache afurahi, lakini wewe kwenye barua ya maombi andika jina la cheti kama lilivyo, na ngazi yake. Mwajiri asome, asikisie.

Sasa niseme ukweli ambao vijikaratasi vya matangazo haviusemi: ngazi ya kwanza peke yake haikufanyi katibu wa ofisi ya Serikali. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira. Kwa kazi hiyo wamezoea kutaka Stashahada ya Uhazili, hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, pamoja na programu za kompyuta za ofisini. Huko ni mbali na unapoanzia, lakini njia ipo. Ukiwa na angalau D nne kidato cha nne, masomo ya dini yakiwekwa kando, unaweza kuomba Astashahada moja kwa moja, kwa mfano Chuo cha Utumishi wa Umma. Kama D hazikutimia, ufundi stadi ndio mlango wako, na ukifika ngazi ya tatu ulizia chuo unachokitaka sifa za kuendelea katika fani inayofanana na yako.

Kwa upande mwingine, zipo kazi ambazo cheti cha mwanzo ndicho kinachotajwa kwa jina. Mwangalie dereva. Tangazo la Serikali halitaki leseni tu. Linataka pia awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari ya VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Kijana ana miaka kumi barabarani, anaegesha gari hata akiwa amefumba macho, lakini bila karatasi hiyo jina lake haliingii hata kwenye orodha ya kuitwa.

Masomo mnayoyasinzia

Fani zinatofautiana. Mmoja anajifunza kuchapa, mwingine kupika, mwingine kuvuta nyaya za umeme. Lakini kuna masomo yanayowakuta wote: mawasiliano, hesabu, kompyuta, usalama, ujasiriamali na nidhamu ya kazi. Majirani zetu Kenya wameyapa heshima yake kwenye karatasi. Mitaala ya CDACC, baraza lao la mitaala ya ufundi, iliyagawa mafunzo katika umahiri wa msingi, umahiri wa pamoja na umahiri wa fani, na ule wa msingi, yaani mawasiliano, hesabu, matumizi ya kompyuta, ujasiriamali, mazingira, usalama kazini na tabia za kuajirika, ukawa unapimwa kama fani yenyewe. Fundi bomba wa Kisumu hawezi kusema "mimi nafunga mabomba, hesabu si zangu."

Tuyapitie moja moja, muone yalivyo na kazi ndani yake.

*Mawasiliano.* Kwenye usaili wa mapokezi nilizoea kumpa mtu simu ya mezani na kumwambia: "Mteja anapiga, anamtaka meneja, meneja yuko kwenye kikao. Pokea." Utashangaa. Mwenye shahada anasema "hayupo," halafu kimya. Anayejua kazi anataja jina la ofisi na jina lake, anasalimia, anasema meneja yuko kwenye kikao, kisha anachukua mambo matano: nani anapiga, anatoka wapi, namba yake, ujumbe wake, na saa aliyopiga. Mwisho anairudia ile namba tarakimu kwa tarakimu. Hiyo ni dakika moja, na ndani ya dakika hiyo ofisi ama imempata mteja ama imempoteza.

Na mgeni akiingia mlangoni, mtazame. Kwa mzee wa rika la baba yako, anza na shikamoo, halafu ndiyo "karibu, nikusaidie nini?" Kuna wasichana wamefundishwa salamu za Kiingereza za hotelini wanamrushia babu aliyekuja kufuatilia mafao yake. Babu anabaki ameduwaa, na hajui hata kama amekaribishwa. Huduma nzuri humfuata mteja kwa lugha yake na heshima yake.

Barua nayo ina umbo lake: anwani yako, tarehe, anwani ya unayemwandikia, kichwa kinachoanza na YAH, maelezo mafupi, sahihi na jina. Ukituma kwa barua pepe, jaza ile sehemu ya mada, usiiache tupu. Na kama umeambatisha faili, lisiitwe "hati mpya 3." Lipe jina lako na jina la hati. Anayefungua maombi mia kwa siku atakushukuru bila kukujua.

*Hesabu.* Hapa ndipo wengi wananiambia "Dada, simu si ina kikokotoo?" Inacho. Lakini kikokotoo hakikwambii ubonyeze nini. Chukua mfano wa VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Bidhaa ya shilingi 250,000 ukiongeza kodi inakuwa 295,000. Hilo kila mtu analipata. Sasa bosi akupe risiti ya 295,000 ambayo kodi imo ndani, akuulize kodi ni kiasi gani. Wengi wanachukua asilimia 18 ya 295,000, wanapata 53,100, wanaandika. Wamekosea kwa zaidi ya shilingi elfu nane. Unatakiwa kugawa 295,000 kwa 1.18, upate bei ya awali 250,000, halafu utoe: kodi ni 45,000. Anayejua hili kwenye duka la vifaa vya ujenzi hakai mwezi kwenye kupanga misumari. Wanamhamishia kaunta.

*Kompyuta.* Usijidanganye kwamba kutumia simu kutwa ni kujua kompyuta. Ofisini wanataka uchape kwa vidole vyote bila kutafuta herufi, upange jedwali lenye jumla inayojijumlisha, uhifadhi kazi mahali ambapo mwenzako ataipata ukiwa likizo, na ubadilishe hati iwe PDF kabla ya kuituma ili isivurugike. Kama nyumbani hakuna kompyuta, baki chuoni baada ya vipindi. Nusu saa ya kuchapa kila siku kwa muhula mzima inakutosha kuwaacha wenzako nyuma.

*Usalama.* Hili wanalicheka mpaka siku ya tukio. Mafuta ya kupikia yakishika moto huyamwagii maji. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funika sufuria. Kifaa cha umeme kikiwaka, kata umeme kwanza. Zimamoto Tanzania ni 114, ikae kichwani na si ukutani tu. Jua mtungi wa kuzimia moto uko wapi, na mlango wa dharura unafunguka upande gani. Mwajiri makini, hasa wa kiwandani na hotelini, atakuuliza hayo, kwa sababu wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao watamuuliza yeye.

*Nidhamu ya kazi.* Somo hili halina kitabu kirefu. Kufika kabla ya muda. Kutoa taarifa mapema unapoumwa, kwa kupiga simu, si kutuma kikatuni cha uso wa huzuni saa tatu asubuhi. Kuuliza pale ambapo hukuelewa, badala ya kuitikia "sawa" na kuharibu. Kutunza siri za ofisi, maana mishahara ya watu na madeni ya wateja si hadithi ya kwenye daladala.

Namna wanavyokupima

Mafunzo ya ufundi stadi yanapima umahiri. Yaani, unaweza kuifanya kazi au bado hujaweza. Shuleni tulizoea kukariri usiku wa mtihani, tukapata C, tukasahau kila kitu Jumatatu. Huku anayekupima anataka kukuona unafanya: chapa barua hii, pokea mgeni huyu, funga soketi hii. Kuna nadharia pia, lakini mikono yako ndiyo inayozungumza.

Kwa hiyo nataka uwe na faili lako tangu wiki ya kwanza. Barua uliyochapa vizuri, weka. Picha ya kazi uliyoimaliza, weka. Ukienda mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni au halmashauri, kile kitabu cha kumbukumbu kijazwe kila siku, na msimamizi asaini kila wiki. Usisubiri mwisho wa miezi ndipo umkimbize na kalamu, atakuwa amesahau hata jina lako. Ukimaliza, muombe akubali kuwa mdhamini wako kwenye wasifu. Matangazo ya Serikali hutaka wadhamini watatu wenye anwani na simu zinazopatikana. Msimamizi aliyekuona unafanya kazi ana uzito kuliko mjomba mwenye cheo.

Wewe ambaye kazi unaijua, karatasi huna

Kijana mwingine ameniuliza kwa niaba ya wengi: amekuwa msaidizi wa fundi tangu akiwa mdogo, anajenga nyumba mpaka anaezeka, lakini kila akiomba kazi kwenye kampuni ya ujenzi anaulizwa cheti. Je, arudi akaanze kufundishwa kushika mwiko?

Hapana, kaka yangu. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na watu wengi wanauita kurasimisha ujuzi. Unakwenda chuo cha VETA, unajaza fomu ya fani yako, wanakupima kwa vitendo na kwa mahojiano. Wakiona umeiva, unapata cheti. Wakiona kuna mahali umepungua, unapewa mafunzo ya sehemu hiyo, kisha unapimwa. Waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wahudumu wa hoteli wamepita njia hiyo. Na kinachopungua kwa wengi si kujenga. Ni kusoma ramani, kukadiria vifaa kwa maandishi na kuvaa kofia ngumu. Ni yale yale masomo.

Kenya kuna jaribio la ufundi la NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, ambapo bado daraja la tatu ndilo la kuanzia. Ukivuka mpaka kutafuta kazi, kumbuka hesabu yao ya madaraja isikuchanganye.

Ada, na matapeli wa ada

Kwa muda mrefu ada ya kozi ndefu katika vyuo vinavyomilikiwa na VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ulizia kiwango cha mwaka unaoomba, kisha ongeza sare, vifaa vya mazoezi, nauli na chakula, maana hivyo ndivyo vinavyowatoa watu chuoni, si ada. Kaeni chini na mzazi mpige hesabu ya mwaka mzima kabla ya kuripoti. Maombi hutangazwa nusu ya pili ya mwaka, masomo yanaanza Januari.

Sasa sikilizeni vizuri. Chuo binafsi kinaweza kuwa kizuri kabisa, lakini kiwe kimesajiliwa. Msajili ni NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na orodha ya vyuo iko wazi kwa kila mtu. Angalia jina la chuo, na angalia kama *kozi yako* imo, kwa sababu chuo kinaweza kuruhusiwa kufundisha ushonaji na kikajiongezea uhazili kimya kimya. Ada ya chuo cha Serikali inalipwa kwa namba ya malipo (control number). Mtu akikutajia namba yake ya simu ya mkononi umtumie "ya fomu," kata simu.

Na atakayekwambia anaweza kukupatia cheti bila kukaa darasani, mkimbie. Mnakumbuka Aprili 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alipopokea taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Humo walikuwemo watu waliofanya kazi kwa miaka mingi. Jasho lao lilikuwa la kweli, karatasi ndiyo ilikuwa ya uongo, na karatasi ndiyo iliyohukumu.

Majibu ya haraka

*"Dada, nina mtoto wa mwaka mmoja. Nitasomaje?"* Hongera kwa mtoto. Ulizia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu nawe. Vyuo hivi vilianza miaka ya 1970, viko mikoani, na vingine vinapokea kina mama wadogo pamoja na watoto wao. Unasoma ushonaji, upishi au kilimo, mtoto yuko jirani.

*"Niliishia darasa la saba. Naruhusiwa?"* Kuna fani za ufundi stadi zinazopokea anayejua kusoma na kuandika. Usijifungie nyumbani kabla hujaulizia. Lakini kwa kazi za ofisini kidato cha nne kitadaiwa, kwa hiyo ufundi uende sambamba na mpango wa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

*"Nimesoma kompyuta wiki mbili mtaani, nimepewa cheti. Kinatosha?"* Ulichojifunza ni chako, hakuna atakayekunyang'anya. Ila kwenye maombi, cheti kisichotambuliwa hakikubebi. Kitumie kama mazoezi ya kuingilia kozi inayotambuliwa.

*"Jina la cheti cha kuzaliwa ni tofauti na la shule."* Shughulikia sasa, kabla hujasajiliwa chuo. Wakili atakuandalia hati ya jina, wengi huiita dipoli, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Halafu chuoni jiandikishe kwa jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Sawadi yenye s na Zawadi yenye z ni watu wawili mbele ya mhakiki.

*"Nimemaliza, cheti bado hakijatoka. Naweza kuomba kwa karatasi ya matokeo?"* Kwenye kampuni binafsi jaribu, wengine wanakubali. Serikalini matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo hazipokelewi. Fuatilia cheti chuoni mapema. Kikitoka toa nakala kadhaa, zithibitishwe na wakili, na cheti halisi kilale nyumbani. Kisizunguke mjini kwenye bahasha ya kaki.

*"Nimepata nafasi lakini ni ya kujitolea, nikubali?"* Kubali kwa masharti mawili: muda uandikwe kwenye barua, na kazi unayopewa iwe ya fani yako. Miezi mitatu ya kufungua mafaili na kupokea wateja ni uzoefu. Miezi mitatu ya kutumwa vocha na chapati si mafunzo, ondoka kwa adabu.

Toleo lijalo tutazungumzia mshahara wa kwanza, na ndugu wanaoujua kabla haujaingia. Leteni maswali yenu.

Dada yenu.